Nyaraka za Mbunge: Amana au Mirathi?

Katika desturi zetu, mali anayoiacha marehemu hutazamwa kwa macho mawili kabla mirathi haijaguswa. Hutazamwa kilicho chake mwenyewe, kisha hutazamwa alichowekewa na watu. Cha kwanza huwaendea warithi. Cha pili hurudishwa kwa wenyewe, hata kama kilikaa sandukuni mwake miaka arobaini na hata kama watoto wake walikua wakidhani kuwa ni cha baba yao. Amana haigeuki kuwa mali kwa kukaa sana. Jambo hili kila mzee analijua na hapana haja ya kulitolea ushahidi. Lakini liko sanduku moja ambalo, kwa maoni yetu, halijapata kuulizwa swali hili ipasavyo. Ni lile analotoka nalo mtu aliyekaa bungeni miaka mingi, siku anapostaafu au anapofariki: barua alizoandikiwa, nakala za majibu yake, rasimu za hotuba, madaftari ya hesabu, orodha za mishahara ya watumishi wa ofisi yake, shajara na picha. Je, sanduku hilo ni mirathi, au ni amana?

Pengine msomaji ataona kuwa swali hili ni la makarani wa masijala. Sisi tunaona ni swali la utamaduni wa taifa. Jinsi watu wanavyolitunza neno walilopewa na wenzao huonyesha tabia yao kuliko ngoma wanazocheza sikukuu. Tumeamua kulizungumza kwa mfano wa nchi ya mbali, Marekani, kwa sababu huko mazoea yamekwisha kutoa jibu lililo wazi, na jibu hilo silo ambalo desturi zetu zingetoa.

Mazoea ya Marekani ni haya. Nyaraka za kamati za Bunge ni mali ya Bunge. Hupelekwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya nchi na nyingi hufunguliwa baada ya muda uliowekwa, miaka 20 kwa zile za Seneti na miaka 30 kwa zile za Baraza la Wawakilishi. Lakini nyaraka za ofisi ya mbunge mwenyewe huhesabiwa kuwa mali yake binafsi. Akitaka atazipeleka chuo kikuu, akitaka ataziweka ghalani kwake, akitaka atazichoma. Hata Rais alikuwa na haki hiyo hiyo mpaka ulipozuka ugomvi juu ya nyaraka za Richard Nixon, baada ya kujiuzulu mwaka 1974. Mwaka 1978 Bunge lilitunga sheria kwamba nyaraka za Rais yeyote atakayeshika madaraka kuanzia Januari 20, 1981 zitakuwa za umma. Wabunge waliotunga sheria hiyo hawakujitia ndani yake. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2008, walipitisha azimio la kuhimizana kuzitunza vizuri nyaraka zao na kuzikabidhi mahali zitakaposomwa. Rais alipewa sharti. Wao walijipa nasaha.

Mbunge tuliyemchagua kuwa mfano wetu ni Charles Diggs wa mji wa Detroit, aliyekaa katika Baraza la Wawakilishi tangu Januari 1955 hadi Juni 1980. Nyaraka zake zimewekwa katika Kituo cha Utafiti cha Moorland-Spingarn kwenye Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1867, muda mfupi baada ya utumwa kukomeshwa huko, na kituo chenyewe kilitokana na vitabu alivyovitoa mchungaji mmoja mweusi, Jesse Moorland, mwaka 1914. Wako wabunge waliokaa muda mrefu zaidi na wenye majina makubwa zaidi. Huyu tumemchagua kwa kuwa kazi yake iliigusa Afrika, tena iligusa mambo ambayo Dar es Salaam iliyajua kwa karibu. Na kwa kuwa aliondoka bungeni kwa aibu. Nyaraka za mtu asiye na doa hazimsumbui mtu. Swali letu huanza kuwa zito pale tu ambapo ndani ya sanduku mna heshima na fedheha pamoja.

Tuanze na heshima. Katika mwaka wa kwanza wa ubunge wake, kijana wa miaka 14 aitwaye Emmett Till alitoka Chicago kwenda kuwatembelea jamaa zake katika jimbo la Mississippi. Huko alitekwa usiku na kuuawa kikatili, kwa madai kwamba alimkosea adabu mwanamke wa Kizungu. Mnamo Septemba 1955 Wazungu wawili walishtakiwa katika mji mdogo wa Sumner. Diggs alifunga safari kwenda kuiangalia kesi hiyo. Hakuwa shahidi wala wakili. Alikwenda kukaa na kutazama, ili watu wa pale wajue kwamba kuna jicho la Bunge. Kadi yake ilipelekwa kwa jaji kwa mkono wa mwandishi wa habari mweusi, na askari walioiona walistaajabu kwamba mtu mweusi aweza kuwa na cheo kile. Akaketishwa kando, kwenye meza ndogo waliyotengewa waandishi weusi. Watu kumi na wawili walioitwa kuamua kesi, wote Wazungu na wote wanaume, walichukua saa moja na dakika chache tu kuwaachia huru washtakiwa.

Hapo yafaa tutazame kwa makini hali ya mbunge huyu ilivyokuwa. Mwaka ule wabunge weusi katika Bunge zima la Marekani walikuwa watatu: William Dawson wa Chicago, Adam Clayton Powell wa New York, na Diggs. Katika majimbo ya Kusini watu weusi walio wengi walizuiwa kupiga kura, ama kwa hila za sheria, ama kwa vitisho, ama kwa risasi. Basi watu hao walikuwa na wabunge kwa jina tu, na wakawa wanawatazama wale watatu wa Kaskazini kuwa ndio wajumbe wao, ingawa hawakupata kuwapigia kura hata siku moja. Mtu wa Mississippi alikuwa na mbunge wa karatasi kwao na mbunge wa moyo Detroit.

Sasa na tuulize: barua ya mtu kama huyo ni mali ya nani? Kisheria mwandishi wake hakuwa hata mpiga kura wa yule aliyeandikiwa. Lakini alitia jina lake na jina la kijiji chake juu ya karatasi, katika nchi ambamo barua ya namna hiyo, ikiangukia mikono mibaya, ingeweza kumpotezea kazi, au nyumba, au roho. Hatuoni ni kitu gani kingine mtu aweza kumwekea mwenzake kilicho amana kuliko hicho. Fedha iliyowekwa ikipotea hulipwa fedha nyingine. Kumwambia mtoto wa mbunge kwamba barua hiyo ni mirathi yake, sawa na saa ya mkononi ya baba yake, ni kusema jambo ambalo sheria ya Marekani yaweza kulikubali, lakini sikio la Mswahili halilikubali.

Diggs aliitazama Afrika mapema. Mwezi Machi 1957 alikuwa Accra pamoja na ujumbe wa nchi yake katika sherehe za uhuru wa Ghana, na Desemba 1958 alihudhuria huko huko Mkutano wa Watu wa Afrika Nzima. Mwaka 1969 akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi inayoshughulikia Afrika. Desemba 1971 alijiuzulu katika ujumbe wa Marekani kwenye Umoja wa Mataifa, kwa sababu serikali yake ilikuwa imekubaliana na Ureno kuipatia misaada na mikopo ili iendelee kutumia vituo vya kijeshi katika visiwa vya Azores, wakati ambapo Ureno ilikuwa ikipigana vita vya kikoloni Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau. Wakati huo Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na FRELIMO ilikuwa na ofisi zake hapa. Kwa hiyo jambo lililomfanya mbunge wa Detroit aache kiti New York halikuwa habari ya mbali kwetu.

Mwaka huo huo wa 1971 Bunge la Marekani lilipitisha kifungu, kwa hoja ya Seneta Harry Byrd wa Virginia, kilichoruhusu madini ya kromu kutoka Rhodesia ya Ian Smith yaingizwe nchini mwao, licha ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa ambavyo Marekani yenyewe ilivipigia kura. Diggs na wenzake walikwenda mahakamani. Mwaka 1972 mahakama ya rufani ilikubali kwamba kifungu kile kinavunja ahadi ya nchi kwa mataifa mengine, ila ikasema kwamba Bunge lina uwezo wa kuivunja ahadi hiyo likipenda, na mahakama haina la kufanya. Walimu wa Uraia wangefanya vyema kulisimamia jambo hili kwa kipindi kizima, maana ni nadra kumwona mbunge anakwenda mahakamani kupinga sheria iliyopitishwa na Bunge lake mwenyewe, na ni nadra zaidi kuiona mahakama ikimwambia kwamba ana haki lakini haina dawa. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 1977. Zimbabwe ilipata uhuru Aprili 1980.

Diggs hakuusherehekea uhuru huo kwa amani. Oktoba 1978 mahakama ya Washington ilikuwa imemtia hatiani kwa makosa 29. Kwa ufupi, aliwapandishia mishahara baadhi ya watumishi wa ofisi yake, mishahara iliyotoka katika hazina ya umma, kisha akawafanya waitumie sehemu ya nyongeza hiyo kulipia gharama zake, za ofisi na za nyumbani. Jumla yake ilipita dola 60,000. Wafuasi wake waliamini kwamba aliandamwa kwa sababu ya rangi yake, na mwezi mmoja tu baada ya hukumu walimchagua tena kwa kura nyingi. Bunge halikuridhika. Julai 31, 1979 lilimkaripia rasmi kwa kura 414 bila hata moja ya kumtetea, adhabu ambayo Baraza la Wawakilishi lilikuwa halijaitoa tangu mwaka 1921. Mahakama Kuu ilipokataa kuisikiliza rufaa yake, alijiuzulu Juni 3, 1980, akafungwa. Alihukumiwa miaka mitatu na alikaa gerezani miezi saba. Alipotoka alikwenda Howard kusoma, akapata shahada yake mwaka 1983, na akarudia kazi ya ujana wake. Alifariki mwaka 1998.

Kazi hiyo ya ujana wake ilikuwa ya mazishi. Baba yake alikuwa na kampuni kubwa ya mazishi huko Detroit, naye mwana alikuwa amesomea utayarishaji wa maiti. (Baba huyo naye alikuwa mbunge, katika baraza la jimbo la Michigan, naye pia aliwahi kufungwa kwa hongo, alipochaguliwa tena mwaka 1950 wenzake walikataa kumpa kiti, na ndipo mwanawe akagombea kiti hicho na kukipata. Hatujui kama kuna mtunzi wa tamthilia ambaye angethubutu kubuni habari kama hiyo.) Tunaitaja kazi hiyo kwa sababu inatufikisha penye hoja iliyo ngumu kuliko zote, hoja inayotoka katika utamaduni wetu wenyewe.

Hoja yenyewe ni sitara. Mwosha maiti kwetu amekatazwa kusimulia alichokiona mwilini mwa marehemu. Akiona kovu, ameona kovu. Akiona alama ya maradhi ya aibu, ameiona na imekwisha. Marehemu hatajwi kwa mabaya yake, na anayetangaza aibu za maiti hujitangazia tabia yake mwenyewe. Naye mwosha hukumbuka kwamba siku moja ataoshwa. Sasa mhifadhi wa nyaraka anayefungua masanduku ya mbunge aliyekufa, akayapanga majalada moja moja, akaweka la kromu ya Rhodesia hapa na la orodha ya mishahara pale, kisha akawaita watu waje wasome, si amefanya kinyume cha mwosha? Si amevua sanda?

Hoja hii haifai kupuuzwa kwa kusema tu kwamba historia inataka ukweli. Historia haina roho ya kutaka kitu. Wanaotaka ni watu, na watu wakati mwingine hutaka umbeya na kuuita historia. Ikiwa sitara ni kweli katika utamaduni wetu, basi lazima ijibiwe kwa mizani yake yenyewe.

Na tunadhani jibu limo katika kisa kile kile cha Emmett Till. Mwili wake ulipotolewa mtoni, mkuu wa polisi wa pale aliamuru uzikwe upesi, huko huko Mississippi. Jamaa walizuia, mwili ukarudishwa Chicago. Mama yake, Mamie Till, alipouona uso wa mwanawe ulivyoharibiwa, aliamua jeneza liachwe wazi, na maelfu ya watu wakapita wakitazama. Je, mama yule alivunja sitara? Hakuna mwenye akili atakayesema hivyo. Aliyetaka kufunika ni mwenye nguvu, naye alitaka kufunika kazi ya mkono wa wenye nguvu. Aliyefunua ni mwenye maiti, na alichokifunua hakikuwa aibu ya mwanawe hata kidogo. Kumbe sitara ina mwelekeo. Imewekwa kumkinga aliye dhaifu, na maiti ni dhaifu kuliko wote, maana hawezi hata kujivuta nguo. Haikuwekwa kuukinga mkono uliojeruhi. Na haki ya kufunua au kufunika ni ya yule ambaye jambo ni lake.

Tukiishika kanuni hiyo, masanduku ya mbunge hujigawa yenyewe, wala hayajigawi kama wanavyoyagawa warithi. Orodha ya mishahara ni habari ya fedha ya umma. Mwenye jambo hapo ni umma uliotoa fedha, na pamoja nao ni wale watumishi walioambiwa wairudishe nyongeza yao kwa mlango wa nyuma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi daftari ni haki ya mwenye mali. Diggs mwenyewe, kama binadamu, ana sitara yake: maradhi yake, ndoa zake, huzuni zake za usiku si mambo yetu, na mhifadhi akikuta barua ya namna hiyo na airudishe kwa watoto wake bila kuisoma mara ya pili. Ila daftari la ofisi si mwili wake. Aliapa juu ya ofisi ile, na alipoapa alijua kwamba kiti si chake.

Hatusemi kwamba nyaraka za Diggs zimechujwa. Tunasema mazoea ya nchi yake yanaruhusu zichujwe, na yanamruhusu mbunge mwingine yeyote aliye hai leo kufanya hivyo kabla lori halijafika mlangoni. Mbunge akiwa na jalada la kumtukuza na jalada la kumfedhehesha, na mlinzi wa pekee kati ya mkono wake na kiberiti ni dhamiri yake, wengi watachoma. Si lazima wawe waovu. Watachoma kwa ajili ya wajukuu.

Wako wanaosema kwamba afadhali jalada la fedheha lipotee, ili lile la heshima liweze kufundishwa shuleni bila kuchafuliwa. Tumewahi kuisikia hoja hii kutoka kwa walimu wema kabisa, wanaotaka vijana wapate mifano ya kuigwa. Hatukubaliani nao. Kijana anayefundishwa kwamba Diggs alikuwa mtetezi wa Afrika asiye na kasoro, siku atakapokutana na zile hesabu za dola 60,000 atatupa vyote viwili, atasema hata Sumner ilikuwa ya maonyesho. Lakini aliyevisoma pamoja tangu mwanzo hulazimika kukaa na jambo gumu: kwamba mtu yule yule aliyekwenda kuketi kwenye meza ile ndogo, mahali ambapo angeweza kuuawa, ndiye aliyechukua fedha mikononi mwa makarani wake. Wema wake haukuwa wa uongo na wizi wake haukuwa wa bahati mbaya. Kutaka kuvijumlisha na kutoa, ili tupate tarakimu moja ya mwisho, ni hesabu isiyo na mahali pa kufanyiwa. Watu wa Msumbiji hawakurudishiwa madeni yao kwa fedha za watumishi wa Washington, wala watumishi hao hawakulipwa kwa uhuru wa Zimbabwe.

Tumebakiwa na fungu la tatu la masanduku, nalo ndilo kubwa kwa wingi na dogo kwa sifa. Ofisi ya mbunge wa Marekani, kama ofisi ya mbunge popote, hupokea kila siku barua za watu wenye shida: mjane ambaye pensheni ya mumewe imekwama, mama ambaye mwanawe askari hajaandika miezi mitano, mgeni ambaye hati zake za ukaazi zimekwisha, mzee anayedai fidia ya kidole kilichokatwa na mashine. Humo mna majina, maradhi, madeni, vifungo. Wahifadhi wa huko wanapopokea nyaraka za mbunge huona fungu hili linajaza ghala, tena ni la hatari kwa sababu lina siri za watu walio hai. Basi aghalabu hufanya moja kati ya mambo mawili: hulitupa lote, au huchukua sampuli, barua chache kati ya nyingi, na kuzitupa zilizobaki. Sababu wanazotoa ni mbili, nafasi na sitara.

Kuhusu nafasi hatuna la kusema. Rafu ni rafu. Lakini kulitaja neno sitara hapo ni kulikosea. Kusitiri si kufuta. Anayemsitiri mtu humfunika, na aliyefunikwa bado yupo. Mjane yule aliandika kwa sababu alitaka ajulikane kuwa yupo, na ofisi ya pensheni ilikuwa imekataa kujua. Kuichana barua yake kwa jina la kumhifadhia heshima ni kumkamilishia kazi karani aliyemnyima. Inavyotupasa ni kuifunga barua hiyo miaka hamsini, au sabini, mpaka wote waliotajwa humo wawe wamelala, kisha ifunguliwe. Na hapo ndipo tunapoona kioja cha mpango ulivyo sasa: hotuba za mbunge, ambazo zimekwisha kuchapwa katika taarifa rasmi za Bunge na zipo katika maktaba nyingi, zinahifadhiwa kwa uangalifu ndani ya makasha yasiyo na asidi, barua ya mjane, ambayo nakala yake haiko popote pengine duniani, inapelekwa kwenye mashine ya kukatia karatasi.

Itapingwa kwamba wabunge wakijua kila karatasi yao ni ya umma wataacha kuandika. Watapiga simu, watanong'ona vibarazani, na sanduku litakuwa tupu. Upinzani huu una kweli ndani yake na hatuwezi kuuondoa wote. Muda wa kungoja hupunguza makali yake: sheria yetu ya mwaka 2002 juu ya kumbukumbu na nyaraka za taifa, kama sheria za nchi nyingi, imeweka miaka 30 kabla nyaraka za umma hazijafunguliwa kwa wasomaji, na miaka thelathini yatosha kumwezesha mtu kuandika kwa uhuru akiwa madarakani. Lakini atakayekataa kuandika hata kwa ngao ya miaka thelathini ameshatuambia habari yake.

Na hapa kwetu? Katika hifadhi ya nyaraka za taifa Dar es Salaam yamo majalada ya serikali ya Kijerumani na ya Kiingereza, na katika majalada hayo ya Kiingereza zimo barua za Kiswahili walizoandika raia wa kawaida: malalamiko juu ya jumbe aliyezidisha kodi, madai ya shamba, maombi ya kuachiwa ndugu aliyefungwa. Nyingine ziliandikwa na wenyewe, nyingine ziliandikwa na wale waandishi wa kulipwa waliokaa nje ya boma na mashine zao za taipu, na mwenye shauri akatia dole gumba chini. Mkoloni hakuzitunza kwa mapenzi. Alizitunza kwa sababu masijala yake ilikuwa na namba, na kila karatasi iliyoingia ilipata namba. Kwa sababu hiyo sauti ya mkulima aliyelalamika mwaka 1935 yaweza kusikika leo na mwanafunzi atakayeomba jalada lake.

Mjukuu wa mkulima huyo alimwandikia mbunge wake. Aliandika katika karatasi ya daftari la shule, akaikunja mara nne, akampa kondakta wa basi amfikishie mheshimiwa. Mheshimiwa aliisoma, pengine aliishughulikia; kisha akaitia kwenye mkoba, mkoba ukaingia kabatini, na kabati liko nyumbani kwake chumba cha nyuma, pamoja na magunia ya mahindi na baiskeli ya mwanawe. Hana namba ya masijala na hakuna aliyemwambia kwamba anapaswa kuwa nayo. Siku ya arobaini yake, ndugu watakapokaa kugawana, atatokea mtu wa kuuliza kabati hili ni la nani, na mwingine atajibu kwamba mbao zake bado nzuri, karatasi zitolewe.